Saa za Mguu wa Chiku

Mguu wa kushoto wa Chiku ulikuwa na saa zake. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, ulikuwa mguu kama miguu ya wasichana wengine wa Milalani: kifundo kimechongoka, mishipa ya wayo inaonekana. Kufikia saa nne ulianza kujaa. Adhuhuri kifundo kilikuwa kimezama, na alasiri ukiubonyeza kwa kidole, kidole kiliacha shimo lililokawia kufutika. Waliozijua saa hizo walikuwa watu watatu tu: Chiku mwenyewe, mama yake Mbeyu, na Hannah, nesi wa zahanati. Mbwana, baba yake, alijua nusu. Alijua binti yake ana mguu mzito, na hakutaka kujua zaidi, kwa sababu neno lililobaki lilikuwa matende, na neno hilo halitamkwi katika nyumba yenye msichana wa kuozwa.

Alhamisi ile, mwaka wa pili wa uhuru, Mbeyu aliamka kabla ya adhana. Alimlaza Chiku chali kwenye kitanda cha kamba, akamwekea gunia la mpunga chini ya kisigino ili mguu uwe juu, akanawa mikono kwa sabuni. Kisha akaanza mbali kabisa na mguu: kwenye mashimo yaliyo juu ya mifupa ya kifua, akipapasa taratibu kama anayemfuta mtoto machozi. Akashuka kinenani, akapabembeleza kwa viganja mara ishirini. Baadaye paja, halafu goti, halafu muundi. Wayo aliufikia mwisho, na kila alichokisukuma alikisukuma kwenda juu.

Hakuwa amezaliwa akijua hivyo. Kwa miaka ishirini Mbeyu alikuwa mkandaji wa wazazi. Kila mwanamke aliyejifungua kati ya Milalani na Msambweni alimtaka yeye kwa siku zake arubaini, na mikono yake ilisifiwa kwa nguvu. Mguu wa Chiku ulipoanza kujaa aliukanda kwa nguvu hiyo hiyo, na mguu ukazidi. Hannah ndiye aliyemkomesha.

"Mama Chiku," alimwambia, "mwilini mna maji mengine yasiyo damu. Yanapita papa hapa chini ya ngozi, katika vijifereji vyembamba kuliko nywele. Wadudu walioletwa na mbu wameviziba. Sasa wewe unataka kuwatoa watu nyumbani na mlango umefungwa? Fungua mlango kwanza, kule juu. Na usiminye. Ukiminya unavivunja hata vilivyobaki."

"Utapona?"

"Hautapona. Utatulia. Asubuhi na jioni, usafi, na mguu juu. Lakini siku ya homa, mikono yako ikae mbali. Siku ya homa usiuguse."

Sasa Chiku aliutazama mguu ukinywea, akanyoosha mkono kuligusa paja lake. "Mayo, hebu nijaribu mimi."

Mbeyu alimpiga kofi dogo la kiganjani. "Mkono usiozaa haukandi. Ukikanda unafunga tumbo lako mwenyewe. Unataka kwenda kwa Matano ukiwa na tumbo lililofungwa?"

Chiku aliurudisha mkono chini ya leso.

Shangazi wa Matano, mchumba wa Chiku aliyekwisha kutoa mahari, angekuja saa mbili. Mbeyu mwenyewe ndiye aliyeiomba saa hiyo, akasema asubuhi ina baraka.

*

Hawakuja saa mbili. Hawakuja saa nne. Mahamri yalipoa, kahawa ikachemshwa mara ya pili, na Chiku alikuwa bado amelala na mguu juu ya gunia huku nguo zake mpya zikijikunja.

"Mwali aliyeposwa analala kama maiti anayesubiri sanda," Mbwana alisema kutoka mlangoni. "Watakuja wamkute hivyo?"

"Akisimama sasa, adhuhuri hatakuwa na kifundo."

"Sitaki kusikia habari za vifundo."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha hodi iliposikika. Bi Mejumaa aliingia kwanza, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Ndiye aliyemlea Matano baada ya mamake kufariki, akamsomesha mpaka akawa karani Kwale. Nyuma yake alikuja jirani yake, mnene na mcheshi, amebeba kitu kilichofungwa katika kitambaa.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Mtuwie radhi. Tulipita kwa sonara kukisafisha hiki."

Kitambaa kilifunguliwa. Lilikuwa furungu, pete nene ya fedha ya mguuni, lenye bawaba upande mmoja na msumari wa kufungia upande wa pili. Kila bibi arusi wa ukoo ule alivishwa furungu hilo siku kumi kabla ya nikaha, na msumari haukung'olewa mpaka fungate iishe.

"Simama, mwanangu, nikuone."

Chiku alisimama. Mbeyu aliutazama mguu kama mtu anavyolitazama sufuria la maziwa motoni.

"Ni mguu wa kulia, sivyo?" aliuliza.

"Wa kushoto. Upande wa moyo."

"Nilidhani wa kulia ndio wenye heri."

"Unatufundisha mila yetu, Mbeyu?"

Bi Mejumaa alipiga magoti. Furungu lilizunguka kifundo, ncha zake zikakaribiana, zikagoma. Alisukuma. Chiku alikaza taya.

"Msichana ana nyama!" jirani alicheka.

"Nyama ndiyo tuitakayo. Tumechoka na vijiti." Bi Mejumaa aliminya tena, ncha zikakutana, akaupenyeza msumari na kuugonga kwa mchi mara tatu. "Haya. Limekaa."

"Limekaa kama amezaliwa nalo," Mbwana alisema kwa furaha kubwa. Wote walicheka. Mbeyu alicheka pia, na alipomimina kahawa aliimwaga nusu kwenye sinia.

*

Ijumaa furungu lilikuwa limebana. Jumamosi Mbeyu hakuweza kupitisha hata jani la mnazi kati ya fedha na ngozi. Alikanda alfajiri, akakanda jioni, lakini maji yaliyoshuka chini ya furungu hayakuwa na pa kupandia. Yalikusanyika wayoni mpaka vidole vya Chiku vikawa kama ndizi mbivu.

Jumapili ilikuja homa. Ilianza kwa mtetemeko uliokitikisa kitanda, kisha mguu ukawaka, mwekundu kutoka wayoni hadi gotini, na kinenani ukatokeza mtoki mkubwa kama yai. Mbeyu alimsikia Hannah kichwani kama aliyekuwa chumbani: siku ya homa usiuguse. Lakini alilitazama furungu likizama, akaona kwamba akingoja homa ipite mguu utakatika. Na mikono ilikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho.

Alichemsha mafuta ya mbarika. Akaanza chini, wayoni, kama amkandavyo mvuvi aliyeteguka, akaminya, akasukuma, akaminya tena. Chiku aliuma leso.

"Mayo, acha."

"Vumilia. Likilegea kidogo tu tutalizungusha."

"Mayo, unaniua."

Alikanda mpaka jasho lake likachanganyika na mafuta. Alipoinua mikono, wekundu ulikuwa umepita goti na kupanda pajani, na Chiku hakuwa tena akilalamika. Alikuwa akiongea na watu wasiokuwamo.

Mbeyu alitoka nje na mikono inayonuka mbarika. Mbwana alikuwa ameketi kizingitini.

"Tulikate," Mbeyu alisema.

"Nikate kitu cha watu?" Mbwana alionyesha juu kwa kidole. "Unaona mabati haya? Hayo ndiyo mahari. Tukilikata furungu watauliza kwa nini, na wakijua kwa nini watataka chao. Nishuke na mabati mgongoni?"

"Na mtoto?"

"Kazungumze na Bi Mejumaa. Mwambie amejikwaa. Mwenye msumari na autoe mwenyewe."

*

Bi Mejumaa alimpokea uani kwake Msambweni Jumatatu asubuhi, akimenya mihogo na binti wa kazi. Mbeyu alieleza: mtoto alikuwa anateka maji, akajikwaa, kifundo kimevimba kidogo, kama ingewezekana msumari utolewe kwa siku mbili tu.

Bi Mejumaa aliweka kisu chini. Alijigeuza juu ya kigoda, akampa mgongo.

"Kwa vile umekuja na mikono yako," alisema, "nishike hapa begani. Tangu juzi sigeuzi shingo."

Mbeyu alimkanda. Alimkanda bega la kulia, akamkanda la kushoto, akapanda shingoni, na muda wote huo alikuwa akihesabu moyoni hatua za homa katika mguu wa mwanawe. Mihogo ilikwisha kumenywa. Binti wa kazi alitazama chini kwa haya.

"Una mikono, Mbeyu. Mungu kakupa." Bi Mejumaa alijivuta, akajaribu shingo huku na huku. "Lakini furungu lile walivaa mama yangu na bibi yangu, na mmoja wao alivunjika mguu kabisa ndani ya siku zile kumi. Halikutolewa. Mwali wetu hajikwai. Mwambie atembee akitazama."

"Bi Mejumaa, kimevimba sana."

"Umesema kidogo." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ni kidogo au ni sana?"

Mbeyu alijipangusa mikono kwenye leso. "Kidogo," alisema. Akaaga, akatoka kwa mlango wa nyuma, na alipofika barabarani akaanza kukimbia kuelekea zahanati.

*

Hannah alikuja kwa baiskeli, na msumeno wa kukatia plasta ukiwa umefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Aliuangalia mguu, akayanusa mafuta ya mbarika, akamgeukia Mbeyu.

"Uliukanda."

"Nilidhani..."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia."

Hannah alifungua mkoba. Alimchoma Chiku sindano, akazungushia kitambaa kibichi kandokando ya furungu, akaujaribu msumari uliozama nyamani, akauinua msumeno. Mbwana alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Ukilikata hilo, nesi, utaolewa wewe."

"Mimi nikiolewa nitavaa viatu, baba. Nipishe mwanga."

Mbwana alimtazama mkewe. Mbeyu alikishika kifundo cha mwanawe kwa mikono miwili, akakikaza. "Kata," alisema.

Fedha ilikuwa ngumu. Ilichukua muda wa kupika wali, na kila msumeno ulipovutwa Mbwana alikunja uso kama anayekatwa yeye. Furungu lilipofunguka lilitoka na ngozi, na chini yake palibaki handaki la samawati.

Siku tatu za sindano zilipita kabla wekundu haujaanza kurudi nyuma. Siku ya nne Chiku alikunywa uji. Hannah alipokuwa akifunga mkoba wake alisema, "Homa ikitulia wiki nzima, rudieni kukanda. Na huyu amekuwa mtu mzima. Mkono wake unafika kinenani, unafika gotini, unafika wayoni. Mfundishe ajikande mwenyewe. Wewe hutaishi milele."

"Kwetu mkono usiozaa haukandi," Mbeyu alisema.

"Basi," Hannah alisema, akaitwaa baiskeli yake.

*

Bi Mejumaa alikuja kabla hajaitwa, maana habari ya fedha iliyokatwa haikai Milalani. Alikuja na wazee wawili wa ukoo ambao hawakusema kitu tangu kuamkiana mpaka kuagana. Aliomba aone mguu. Akaonyeshwa. Aliomba aone furungu. Likaletwa katika kitambaa, vipande viwili.

"Matende," alisema. Alilitamka kama anayesoma jina kwenye barua.

Mbwana aliinua macho kuyatazama mabati.

"Matano hataki kusikia jina la msichana mwingine. Nimemwambia, nimemlilia, hasikii. Nikimlazimisha atakaa huko Kwale asirudi, na sina mtoto mwingine." Alikifunga kitambaa polepole. "Tutamchukua. Lakini sitaki mke wa mwanangu apite mbele ya watu anaburura mguu. Siku tuliyomvisha ulikuwa mguu, sivyo? Nani aliufanya mguu?"

"Mimi," Mbeyu alisema.

"Basi utaufanya kila asubuhi. Kila alfajiri, kwangu, kabla watu hawajaamka. Siku usipokuja, siku hiyo hiyo namrudisha, na mabati yanashuka."

"Bi Mejumaa, nina wazazi ninaowakanda. Mzazi hukandwa asubuhi."

"Sikukuuliza una kazi gani."

Mbeyu alivuta pumzi ili aseme, lakini Mbwana alikuwa amekwisha kusimama na kumpa mkono kila mzee, mmoja baada ya mwingine. "Tumekubali," alikuwa akisema. "Tumekubali, tumeshukuru. Mikono yake ni yenu."

*

Chiku aliolewa bila furungu, kwa nikaha fupi. Tangu hapo Mbeyu alitoka Milalani giza likiwa halijaondoka vizuri, akatembea saa nzima, akabisha mlango wa uani. Haikuwa desturi mama mzaa mke kuingia nyumbani kwa mkwewe pasipo mwaliko, hivyo aliingia kama anavyoingia muuza maji. Alipewa chai uani, katika kikombe cha bati kilichowekwa mbali na vingine. Bi Mejumaa alikaa kitini na tasbihi, akitazama kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mama na binti hawakuweza kusemeshana ila maneno ya mguu.

"Panauma hapa?"

"Hapaumi, Mayo."

Wazazi wa Milalani walingoja wiki moja, wakangoja mbili, kisha wakatafuta mkandaji mwingine. Mwezi wa pili Mbeyu alipata homa yake mwenyewe, akaenda hivyo hivyo, akaketi njiani mara tatu. Alipofika ilibidi Chiku amsaidie kuuinua mguu.

Bi Mejumaa alikuwa ameitwa mlangoni na muuza samaki. Kwa mara ya kwanza walikuwa peke yao.

"Nifundishe," Chiku alinong'ona.

"Unaujua mwiko."

"Naujua."

"Utafunga tumbo lako. Hawa watu watakuvumilia mguu, hawatakuvumilia na tumbo."

Chiku alimtazama usoni. "Mkono uliozaa ndio ulionikanda siku ya homa, Mayo."

Hakulisema kwa hasira. Mbeyu angepata nafuu kama angelisema kwa hasira. Muuza samaki alikuwa akiapa kwamba changu wake ni wa asubuhi hiyo, Bi Mejumaa akimwambia samaki huyo ameiona Ramadhani iliyopita, na sauti yake ilianza kurudi uani.

Mbeyu aliikunjua leso na kuitandaza juu ya mguu. Akauchukua mkono wa Chiku, akauingiza chini ya leso, akauweka kinenani, na juu yake akaweka wa kwake.

"Mbona leo unamfunika?" Bi Mejumaa aliuliza alipoketi.

"Kuna baridi."

"Baridi, Msambweni!"

Lakini aliirudia tasbihi yake. Chini ya leso mkono wa juu uliubonyeza wa chini: hapa; polepole; mlango kwanza. Mkono wa chini ulikosea, ukaminya, ukafinywa, ukajifunza. Kesho yake ulijifunza goti. Wiki iliyofuata, mkono wa juu ulikuwa umelala tu juu ya ule mwingine, ukibebwa.

*

Jumanne moja Mbeyu hakwenda. Alimkanda mzazi wa jirani, msichana mwenye mtoto wa siku sita, wa kwanza aliyempata tangu harusi. Jua lilikuwa limepanda aliposikia jina lake uani. Alitoka akijifuta mafuta.

Bi Mejumaa alikuwa amekuja kwa miguu, peke yake, na pindo la buibui lilikuwa jekundu kwa vumbi.

"Shikamoo."

"Hukuja leo."

"Sikuja."

"Nilikwambia siku usipokuja namrudisha."

Mbeyu alitazama nyuma ya bega la mgeni wake, barabarani. Hapakuwa na mtu. "Yuko wapi basi?"

Bi Mejumaa naye aligeuka akatazama barabara. "Ametwanga mpunga. Ameosha vyombo. Nilimwacha anakuna nazi."

"Na mguu?"

"Mguu ni mguu," alisema kwa shida. Kisha sauti ikampanda. "Nilimkuta ameketi kitandani anajishika! Mwanamke asiyezaa! Nilipomgombeza akaniambia nimngoje amalize. Mimi! Nyumbani kwangu! Umemfundisha wewe, mbele ya macho yangu."

"Nimemfundisha."

"Na asipozaa?"

"Asipozaa mtanilaani. Kama vile mngenilaani kwa mguu."

Mwanamke mrefu aliyakung'uta mavumbi ya buibui lake, upande huu, upande ule. Alipoinua uso hasira ilikuwa imeondoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilikuwa adabu.

"Vyema," alisema. "Matano ameridhika, mke anajitazama mwenyewe. Sina sababu ya kumrudisha. Na wewe huna sababu ya kuja."

"Nitakuja kumwona mwanangu."

"Mkandaji huja kila siku, Mbeyu. Mkwe huja kwa mwaliko. Hayo hata kwenu mnayajua."

Mbeyu aliyajua. Alikuwa ameyajua siku zote, na katika wiki zile zote za leso hakuyawaza hata mara moja. Alikuwa akihesabu tu siku zilizobaki za mlango wa nyuma na kikombe cha bati.

"Mtanialika lini?" aliuliza.

"Akizaa," Bi Mejumaa alisema. "Kwaheri ya kuonana."

Aliondoka polepole, akichagua pa kukanyaga. Ndani, mzazi aliita kwamba mafuta yanampoa mgongoni. Mbeyu alisimama akilitazama buibui mpaka likapotea njiani. Mzazi aliita tena.